Sahani ya Asifiwe

"Hiyo sahani iache, Gladi."

Gladness alikuwa ameshanyanyua kawa. Chini yake kulikuwa na wali, mchicha wa nazi na pilipili moja mbichi.

"Kwani kuna mgeni?"

"Ya Asifiwe."

Gladness akacheka. Alipoona Didas hacheki, kicheko kikamfia mdomoni. Asifiwe alikuwa mke wa Didas, na walishamzika miaka miwili iliyopita.

"Didas, unanitisha ujue."

"Njoo tukale kule mbele. Utaona mwenyewe."

Didas ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko mbele ya nyumba, hapo Kibamba. Jiko liko nyuma kabisa, na mlango wake unafungukia uani. Walikula kibandani, Didas akarudi kwenye sare za shule alizokuwa anashona. Gladness, mwalimu wa darasa la pili shule ya jirani, hakumbuki hata alichotafuna. Saa nane na nusu wakarudi jikoni.

Sahani ilikuwa tupu. Imefudikizwa mezani, kijiko kimelazwa juu ya mgongo wake, kikonyo cha pilipili pembeni. Kiti kilisogezwa nyuma kidogo, kama mtu kashiba kainuka. Gladness akakigusa. Kilikuwa na joto.

"Ndivyo alivyokuwaga," Didas alisema taratibu, kama mtu aliye kanisani. "Akishiba anafudikiza sahani, kijiko juu. Nilianza kumpakulia baada ya arobaini. Siku ya kwanza nilijiona chizi. Niliporudi, kimeliwa."

"Paka huyo."

"Paka anafudikiza sahani?"

"Hujawahi kumvizia?"

"Naogopa."

"Unaogopa kumwona?"

"Naogopa kutomwona."

Jioni ile simu ya Gladness ikalia. Ujumbe wa Didas:

"Gladi nataka kukuoa. Ila lazima nimuulize kwanza. J'mosi uje upike wewe. Akila, naenda kwenu. Asipokula sijui."

Gladness aliandika jibu kali, akalifuta. Alikuwa anampenda yule mwanaume, na upendo ulimpeleka hadi kushindana na marehemu. Akaandika: "Sawa. Anapenda nini?"

"Maharage ya nazi. Na tambi tamu."

Jumamosi alichambua mchele kama anatafuta sindano. Aliyachemsha maharage mpaka yakalainika, akayaunga kwa kitunguu na karoti, tui zito akalitia mwisho. Tambi alizikaanga mpaka zikawa kahawia, akaweka sukari, iliki na tui jepesi. Hakuwahi kumpikia mtu aliyekufa.

Didas alipakua, akasimama nyuma ya kile kiti kitupu.

"Asi, huyu ni Gladness. Nataka kumuoa."

Huko nje, kwenye ua wa michongoma, kitu kikachakarisha. Upepo haukuwepo. Gladness akamshika Didas mkono.

"Kama umeridhia," Didas akamalizia, "kula."

Wakaenda mbele. Ikafika saa nane. Ikafika saa tisa. Waliporudi, kawa lilikuwa pale pale. Didas akalifunua. Tui lilikuwa limeganda juu ya maharage.

"Basi," akasema.

"Basi nini? Didas, ni chakula tu!"

"Miaka miwili hajakosa hata siku moja, Gladi. Leo tu."

Jumapili hakupokea simu. Jumatatu ukaja ujumbe: "Usije tena. Nisamehe."

Jumanne mchana Gladness akaja, ila hakupita mbele. Alizunguka uani, amejaa hasira, akitaka kusimama mbele ya kile kiti amwambie Asifiwe yote yaliyomkaa moyoni. Jiko lilikuwa baridi, meza tupu, sufuria zimelala kwenye beseni. Nyumba nzima ilikuwa kimya kama imeachwa.

Alipogeuka aondoke akaiona. Chini ya michongoma kulikuwa na upenyo wa mtu kupita, ardhi imekanyagwa mpaka inang'aa. Kwenye mwiba mmoja kulining'inia kipande cha kitenge.

Mzimu gani huo unachanwa nguo na miiba? Gladness akainama, akapenya.

Upande wa pili mama mmoja mtu mzima alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakunywa uji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mama yule akamaliza uji wake, akafudikiza bakuli chini, akalaza kijiko juu yake.

Gladness akakinyooshea kidole kile kijiko.

"Ni wewe!"

Mama akatazama bakuli lake.

"Asifiwe alijifunza kwangu kula hivi," akasema. "Mie Atuganile, mama yake. Naishi hapa kwa mwanangu Gibson."

"Kwa nini, mama?"

"Nilipita uani kufuata sufuria zangu za msibani. Nikamsikia dirishani: 'Asi, karibu chakula.' Didas alikuwa amekonda, hapiki, hali. Siku hiyo ndiyo amepika. Nikajua akikikuta kimelala pale, hatapika tena. Nikala huku nalia. Kesho yake akapika tena, ikabidi nirudi."

"Miaka miwili!"

"Hata nikiumwa nilienda. Mkwe wangu yule. Mama mkwe kujificha jikoni kwa mkwewe, anakula! Aibu gani hiyo? Ningemwambiaje?"

"Na Jumamosi ukaamua kunikataa."

"Nikukatae?" Mama alishtuka. "Nilikuwa pale kwenye miiba. Nikasikia anasema anataka kuoa. Sikungoja neno la pili. Nilirudi ndani nikapiga magoti, nikasema asante Mungu, amepata wa kula naye. Kazi yangu imeisha."

Gladness akakaa chini, mchangani.

"Mama, neno la pili ndilo hilo. Alisema ukila umeridhia. Amenifukuza."

"Yesu wangu."

Kuku akapita katikati yao.

"Nikimwambia," mama akasema mwishowe, "atajua mwanangu hakurudi hata siku moja."

"Usipomwambia, atabaki naye humo ndani mpaka afe."

Mama Atuganile akainuka, akajitanda kitenge. Gladness akaelekea kwenye upenyo.

"Hapana. Tupite barabarani. Miiba imenitosha."

Didas alipomwona mkwewe mlangoni pa kibanda, alisimama akainamisha macho.

"Shikamoo mama. Kuna tatizo?"

"Marahaba, baba. Ile sahani ya Asifiwe, nilikuwa nakula mie."

Didas akamtazama Gladness, kisha mama.

"Mlikuwa mnanicheka?"

"Huyu kajua leo. Mie nilikuwa nakulilia."

"Kwa hiyo hakuja. Hata mara moja."

"Hakuja, baba."

Didas akakaa, akaegemeza kichwa kwenye cherehani, akalia kwa sauti. Siku ya mazishi hakulia vile. Gladness alitaka kumgusa, mama akamzuia kwa mkono.

Alipotulia, akauliza bila kuinua kichwa: "Na Jumamosi?"

"Jumamosi niliridhia kabla hujamaliza kuuliza."

Zikapita siku mbili bila neno. Ijumaa mchana Didas akapiga simu.

"Gladi."

"Nakusikia."

"Nimepika. Nimeshindwa kula peke yangu."

"Umepika nini?"

"Ugali na dagaa. Dagaa nimewaunguza kidogo."

"Naja."

Walioana mwezi wa kumi. Ukumbini mshereheshaji, ambaye hakuwa anaijua familia, alimwita mama mzazi wa bwana harusi apite mbele. Watu wakatazamana. Mama yake Didas alifia Bukoba, Didas akiwa bado ananyonya. Didas akainamisha kichwa, Gladness akamshika mkono chini ya meza.

Kiti kikasogea huko nyuma. Mama Atuganile akasimama, akanyoosha kitenge chake kipya, akaanza kutembea kuelekea mbele.

"Nipo hapa," akasema.