Mifuko Kumi, Mbuzi Mmoja

"Hivi, Mama Lekoko, hii kodi ya unga huwa inakwenda kwa nani?"

Resiato aliwahi kumuuliza jirani yake Sinyati swali hilo, asubuhi moja wakikamua mbuzi. Sinyati hakuinua hata kichwa.

"Kwa serikali. Si tunaishi hifadhini? Hapa kila kitu kina geti lake."

Ndivyo walivyoamini wengi kijijini kwao, huko Kakesio. Ndani ya hifadhi hakuna kulima. Unga wote ni wa kununua, nao waliununua dukani kwa Inosenti. Mlangoni pake palikuwa na ubao: UNGA KILO 25, SHILINGI 40,000. KODI 7,200. Watu walilipa. Mtu aliyezoea mageti, akiona kizuizi anaingiza mkono mfukoni bila kuuliza.

Sinyati alikuwa mjane, mwaka wa sita sasa. Kila Jumapili alifika kanisani kabla ya kengele. Mbuzi wake wote alikwisha kuwauza kwa ajili ya unga. Zizini alibaki mtamba mmoja mwekundu wa ng'ombe, uzao wa ng'ombe wa marehemu mumewe. Huyo ndiye angewapa wajukuu maziwa akizaa. Lakini debe la unga lilikuwa tupu tena, na mnada ulikuwa Jumamosi. Mtamba angeuzwa.

Wiki hiyo alikwenda Karatu kutibiwa macho. Kabla ya kurudi akaingia dukani kwa Zuena, karibu na soko, kununua mfuko mmoja kwa akiba yake ya mwisho. Zuena akabonyeza mashine, risiti ikatoka.

"Elfu thelathini na sita, mama."

Sinyati akalipa, kisha akasukuma noti nyingine mezani. "Na hii ya kodi. Umesahau."

Zuena akacheka mpaka ushungi ukamtoka. "Subhanallah! Miaka kumi na mbili nauza, sijaona mteja anayedai atozwe kodi! Kodi ya nini?"

"Ya unga."

Kicheko kikakatika. "Nani anakutoza?"

Sinyati akamweleza habari za ubao. Zuena akamvutia kigoda.

"Sikiliza, mama. Kuna kodi inaitwa VAT. Kitu cha shilingi mia, unaongeza kumi na nane. Sukari imo. Sabuni imo. Unga wa mahindi haumo. Tena si kila mwenye duka anaruhusiwa kuitoza. Ni yule aliyesajiliwa tu, na namba yake ya VAT inaandikwa kwenye risiti. Huyo wenu anawapa risiti?"

"Anatupa asante."

"Basi hiyo si kodi. Hiyo ni tamaa yake. Na mambo haya hubadilika bajeti kwa bajeti, usiamini ubao. Ulizeni ofisi ya mapato, na mdai risiti kila mara."

Ndani ya gari Sinyati akapiga hesabu kwa vidole. Akairudia. Kila mifuko kumi, kodi elfu sabini na mbili: bei ya mbuzi mmoja mzima. Fisi aliwahi kumlia mbuzi, lakini fisi hakuwahi kumwambia kwamba ametumwa na serikali.

Ijumaa kulikuwa na kikao cha kijiji, darasani. Inosenti alikuwa anautaka udiwani. Alisimama mbele ameshika fimbo, maana kwao anayesema ndiye anayeshika fimbo.

"Ndugu zangu, chakula cha maskini kinatozwa kodi! Nipeni kura, nipaze sauti isikike mpaka Dodoma. Kodi ya unga ishuke!"

Makofi yakalia. Mzee Moloimet, wa kamati ya zahanati, akaomba fimbo.

"Kodi ikishuka, dawa za zahanati zitanunuliwa kwa fedha gani? Kwa makofi haya?"

"Wabunge wapunguze posho zao!" mtu akapaza sauti.

"Na mwenye loji je?" akasema Resiato. "Chai yake na yangu, kodi ya sukari ni ileile. Yeye ana magari tisa, mimi nina punda kilema!"

Watu wakacheka. Sinyati hakucheka. Habari ya sukari ilistahili kubishaniwa, hata bungeni. Lakini unga? Akainua mkono. Wanawake hawakuwa na desturi ya kuomba fimbo. Senteu, mwenyekiti wa kijiji, akasita, kisha akampa.

"Karibu, koko, bibi yetu," akasema Inosenti akitabasamu. "Niunge mkono."

"Mwenyekiti, hii ni risiti ya unga wa Karatu. Usome mstari wa kodi, kwa sauti."

Senteu akaisogeza karibu na macho. "Sifuri."

"Unga hauna VAT, Inosenti. Hiyo kodi unayotaka kuishusha, utaishusha kutoka wapi? Mfukoni mwako?"

Inosenti akatikisa kichwa.

"Koko, kodi ni mambo mazito. Darasa lako la saba haliyawezi."

"Darasa la saba lilinifundisha kuzidisha. Tangu ufungue duka nimenunua kwako mifuko hamsini. Umekula mbuzi wangu watano, na hata ngozi hukurudisha. Kisha unasimama hapa, mbele ya Mungu wa wajane, unatuomba kura ili utuokoe na mkono wako mwenyewe!"

Kelele zikalipuka. Senteu akapiga meza.

"Ubao ule ushuke leo. Atakayetozwa kodi bila risiti aje kwangu, twende naye ofisi ya mapato. Nani yuko tayari tuchange nauli, tuagize unga Karatu kwa pamoja?"

Mikono ikainuka, karibu yote. Resiato akaanza kuandika majina.

"Niandike mimi wa kwanza," akasema Sinyati. "Mtamba wangu kesho haendi popote."

Kisha akamgeukia Inosenti, akamnyooshea fimbo.

"Shika, mwanangu. Namba yako ya VAT ni ipi?"

Inosenti aliitazama ile fimbo. Hakuipokea. Alichukua kofia yake kwenye dawati, akapita katikati ya watu, akatoka.