Mate Juu ya Kibao

Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kidole kimoja cha Maige kilitosha kuchafua darasa zima. Kila asubuhi, katika shule ya misheni karibu na Nyegezi, alikitia mdomoni, akakitoa kimelowa, kisha akafutia kibao cha kuandikia. Ilikuwa mwaka 1958, vibao havikutosha, na hicho alikitumia pamoja na Adongo, mwanafunzi mwenzake.

Sista Pilar, mtawa kutoka Hispania, aliwafundisha wanafunzi wachache Kihispania ili wawakaribishe wageni wake. Siku hiyo walifikia vitenzi vinavyobadili herufi katika wakati uliopita.

"Buscar, kutafuta," alisema. "Mimi nilitafuta?"

Maige akaandika buscé.

"Sivyo. Ukiiacha c hapo, sauti ya k inapotea. Andika busqué. Lakini wewe ulitafuta, buscaste. Hapo c inarudi."

Maige akatema mate, akasugua. Llegar, kufika, ikamshinda pia, akatema tena ndipo akapata llegué. Walipofika empezar, kuanza, mate yalichuruzika hadi ukingoni mwa kibao, yakinuka dagaa wa jana. Pembe za mdomo wake zilikuwa na vidonda vibichi. Adongo akajivuta kando.

"Zamu yako," Maige alisema, akimsukumia kibao.

"Sikigusi."

"Ninyi watu wa Musoma mnajidai. Mate ni maji tu."

"Basi yalambe. Kibao kinanuka kama utumbo wa sato."

Darasa likaangua kicheko. Sista hakucheka. "Adongo, andika, au rudi darasa la kawaida. Wageni utawasikia dirishani."

Adongo alizipenda mno zile herufi zinazoondoka na kurudi. Hakuwa tayari kuziacha. Akatoa mfukoni kipande cha dodoki alicholowesha nyumbani, akasugua kibao, akaandika bila kukosea: empecé, empezaste, empezó. Kisha akampelekea Sista lile dodoki. Lilikuwa la kijivu, linateleza kwa mate ya Maige.

Sista alilinusa, akakunja uso, akaenda kunawa.

"Kesho kila mmoja aje na dodoki lake na kibuyu cha maji safi," alisema aliporudi. "Vidonda vya mdomo husafiri kwa mate. Elimu isiyo na usafi huleta ugonjwa. Maige, utakwenda zahanati ukapakwe dawa. Adongo, utabaki hapa, lakini mwombe mwenzako radhi."

"Kesho nitamletea dodoki, Sista," Adongo alisema. "Radhi siombi."