Viazi vya Msiba wa Kaylene

Theluji haina harufu, kila mtu wa Utah anajua hilo. Lakini Maren alipofika pale korongo linapobana, akanusa viazi: viazi vya kuokwa na jibini, vile ambavyo akina mama wa kanisa hupeleka kwenye nyumba yenye msiba. Alikuwa peke yake, na jua la alasiri lilikuwa limeshajificha nyuma ya majabali.

"Ni njaa tu," akajiambia.

Njaa wapi! Kilichomleta huku kilikuwa wivu. Kesho yeye na mumewe Thayne wangeunganishwa hekaluni, ndoa yao iwe ya milele. Ila Thayne alikuwa ameshaunganishwa na Kaylene, mke wake wa kwanza, aliyefukiwa na poromoko la theluji humu humu korongoni, na kwa imani yao ya Kimormoni, huko mbinguni angekuwa na wake wote wawili. Mbele za watu Maren alilipokea hilo kwa tabasamu. Moyoni lilikuwa likimchoma. Akaja kumpa marehemu ukweli wake, kana kwamba marehemu ni jirani aliyeazima sufuria akakaa nayo.

"Thayne ni wangu, Kaylene! Umenisikia?"

"Nimesikia, mke mwenzangu. Usipige kelele."

Maren hakuthubutu kugeuka. Alisikia hatua zikikanyaga theluji taratibu, zikimzunguka bila kuacha alama hata moja, na harufu ya viazi ikazidi hadi akaionja ulimini, na baridi ikampanda kutoka nyayoni hadi magotini hadi kifuani, na pumzi ya mtu asiyemwona ikamgusa shingoni.

"Ulipika vizuri siku ya msiba wangu," sauti ikanong'ona. "Wenzako walichukua vyombo vyao wakaenda. Wewe ukachukua na mume."

"Ulikuwa umeshakufa," Maren akajibu, meno yakigongana.

"Basi tugawane. Wewe hapa, mimi huko. Nusu kwa nusu."

Mwenye akili angeitikia akashuka zake. Lakini wivu ulimjaa Maren hata hofu ikakosa pa kukaa.

"Nusu sitaki! Namtaka mzima."

"Hata mimi."

Hatua zikakoma. Maren akatimua mbio, akianguka na kuinuka, hadi kwenye maegesho. Njia ni moja tu, na hakupishana na mtu. Lakini kando ya gari lake lilisimama gari la Thayne, boneti bado ni ya moto, na nyayo zake zilikuwa zimepanda korongoni.

Simu ikalia.

"We Maren, hebu punguza mwendo basi!" Thayne alikuwa akihema na kucheka. "Nimekuita weee, hugeuki."

"Thayne, rudi. Mimi niko kwenye gari."

"Acha utani, mpenzi. Si wewe huyo hapo mbele unaniita kwa mkono?"

"Mwambie nimekubali! Nusu kwa nusu, mwambie!"

"Nimwambie nani?" akauliza Thayne, na juu korongoni theluji ikaanza kunguruma.