Mama Mistari Agoma Kuachia Mkasi

Katika karakana ya kushona sare, hakuna aliyekata kitambaa kama Mama Mistari. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu mistari aliyokata haikupinda. Hata hivyo, kila mwezi msimamizi alimwondoa kwenye meza ya kukatia na kumpeleka kushona vifungo.

"Uko kwenye siku zako," alisema. "Akili haijatulia. Utaniharibia kitambaa."

Alijuaje? Kwa kumtazama uso tu. Mwanamke akikunja uso, basi, vifungo vinamngoja.

Mwezi huo nafasi ya mkuu wa meza ilikuwa wazi. Mama Mistari aliitaka. Msimamizi akasema hampi mtu wa kuhamahama, kana kwamba Mama Mistari alikuwa anajihamisha mwenyewe.

Jioni, nyumbani, Mama Mistari alimfokea binti yake kwa sababu ya kikombe kilichovunjika, kisha akalia. Wifi yake, ambaye ni muuguzi, alikuwa anamenya viazi.

"Wifi, labda yule bwana anasema kweli. Akili yangu mbovu."

"Siku zako zimeanza?"

"Bado kama siku mbili hivi."

"Basi homoni zimeshuka. Wanawake wengi hupata hasira au huzuni siku hizo. Wengine hawasikii kitu. Lakini kufikiri ni jambo jingine. Watafiti wamepima kumbukumbu na umakini wa wanawake mwezi mzima. Hawakuona akili ikipungua."

"Kwa hiyo ninaweza kununa na bado nikakata sawasawa?"

"Nuna utakavyo, ila usimmalizie mtoto hasira. Weka alama kwenye kalenda ujue siku zako. Lala vizuri, tembea kidogo. Huzuni ikikuzidi nguvu, njoo kliniki. Ipo tiba."

Mama Mistari alimwomba binti yake msamaha. "Hasira ni zangu, mwanangu. Kosa si lako."

Asubuhi msimamizi akanyoosha mkono achukue mkasi. Mama Mistari hakuutoa.

"Leo siendi kwenye vifungo. Nitakata, na wewe utapima kila kipande. Kimoja kikikosea, nafasi mpe mwingine."

Alikata mashati arobaini huku amekunja uso. Msimamizi alipima mpaka jasho likamtoka. Hakuna kipande kilichokosea.

"Lakini huo uso," akanung'unika.

"Uso ni wangu. Chako ni kitambaa. Kitazame hicho."

Wiki iliyofuata alikuwa mkuu wa meza. Kwanza kabisa alikwenda kwenye vifungo, akawakuta wanawake wawili wamenuna.

"Rudini mezani," akawaambia. "Na msijilazimishe kucheka."