Sombe Chini ya Lava

Haya yalimpata Alima, rafiki ya binti yangu, alipotoka Kindu kuja kufanya kazi ya unesi Goma. Nyumba pekee aliyoipata ilikuwa ya mbao, pale Murara, imejengwa juu ya lava iliyozika nyumba za zamani. Akiihama, kazi nayo inamponyoka.

Magharibi moja umeme ulikatika. Akasikia mutu anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, tu, tu, tu, akaenda kwa jirani kuazima kinu.

"Mama Umuhire, unatwanga gizani?"

"Mimi? Nitatwanga na meno? Kinu yangu iko chini ya lava hii, pamoja na nyumba yangu."

Alima akarudi mbio, akashika valizi ya nguo zake ahame. Kutwanga kukanyamaza. Chini ya miguu yake mwanamke akasema polepole, "Usihame, mugeni. Sombe iko karibu kuiva."