Wimbo wa Ikupa na Kapenta za Bana Mulenga

Kila siku alipotoka shule, Ferista alipita kwenye saluni ya dada yake Ikupa, mtaa wa Sogea, Tunduma. Alifagia nywele zilizoanguka, akageuza ndoo, akaikalia na kuanza kuchambua rasta. Nje malori yaliyokuwa yakingoja kuvuka kwenda Zambia yalinguruma kwa foleni. Foleni hiyo usiiulize. Yuko dereva, watu wanasema, aliyeingia akiwa hajaota hata ndevu, akafika mpakani ana mvi.

Ikupa alikuwa msusi wa kusifiwa, lakini kwa kuimba hakuwa na mfano. Jumapili aliongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa. Siku nyingine aliimba huku akisuka, na wateja waliokuja wakilia maumivu ya kichwa waliondoka wakitingisha mabega. Mwezi mmoja kabla, alikuwa amejipenyeza kwenye studio ndogo ya kijana mmoja na kurekodi wimbo wake mwenyewe. Aliutunga akikumbuka Itaka, kijiji cha kahawa walikozaliwa. Alichanganya na maneno ya Kibemba, kama watu wa Tunduma wanavyochanganya sokoni, akamwita mama "mayo" na baba "tata":

Mayo, mayo, mikono yako myeusi kwa kahawa,
Tata, midomo yako myekundu kwa pombe.
Gunia umelibeba wewe, mayo,
Je, chupa ameibeba nani?

Hakuweka jina lake. Mbali na kijana wa studio, aliyejua siri hiyo ni Ferista peke yake.

"Mdogo wangu, funga mdomo," Ikupa alimwonya. "Wazee wa kanisa wakijua, nitatengwa. Kwaya nitaisikilizia dirishani."

Lakini wimbo mtamu haufungwi kamba. Bodaboda mmoja aliupata kwenye simu, akampa mwenzake, na kabla ya wiki kwisha Tunduma nzima ilikuwa inauimba. Wanawake waliuimba bombani. Mbuzi wa mtaa wa Mwaka, kama wasemao si waongo, walishika kiitikio. Jioni akina mama walikwenda hadi mlangoni pa kilabu cha pombe cha Mzee Balthazar, wakasimama kwa adabu zote, wakaimba: "Je, chupa ameibeba nani?" Wanaume walitoka mmoja mmoja, macho chini, wakasingizia kwamba wamesahau kufunga kuku.

Wengine walifoka. "Ni matusi!" walisema. "Baba anaimbwa hadharani kama mwizi?"

Siku moja Mzee Ezron, mzee wa kanisa mwenye sauti nzito, alisimama mlangoni pa saluni. Ikupa alikuwa ametoka kununua mafuta ya nywele.

"Wewe binti, wimbo huu wa mayo mayo ni wa nani? Sauti hiyo kama naijua."

Ferista aliacha kuchambua rasta. Aliiona kwaya bila dada yake.

"Ni wa Zambia, babu," alisema haraka. "Redio ya ng'ambo ndiyo iliyoupiga."

"Ahaa! Nilijua tu! Utovu wa adabu wa namna hii hauwezi kuota kwetu."

Mzee aliamini upesi, kwa maana ndivyo tulivyo watu wa mpakani. Kuku akipotea Tunduma, yuko Nakonde, mji wa Zambia ng'ambo ya mpaka. Mafua yakiingia, yametoka Nakonde. Na nasikia Nakonde nao wakikosa mvua, hututazama sisi kwa jicho baya.

Basi uongo ule ulikwenda mbio kuliko bodaboda. Mchana mwimbaji alikuwa Mzambia. Alasiri akaota meno ya dhahabu. Jioni ikasemwa kwamba ametumwa kuvunja ndoa za Tunduma zote, na kwamba huwa anavuka mpaka kila asubuhi kuhesabu zilizobaki.

Jumamosi Ferista alitumwa sokoni kununua kapenta, wale dagaa wakavu wa Zambia. Aliwapenda hasa wa Bana Mulenga, mama mnene mcheshi aliyevuka kila siku kutoka Nakonde, ambaye hakukosa kumwongezea mtoto konzi moja ya bure. Siku hiyo Bana Mulenga alikuwa akipima kapenta kwa kopo huku akiuimba wimbo ule kwa sauti ya chini.

Mzee Balthazar alitokea na wanaume watatu.

"Ndiye huyu! Mnamsikia? Anatuimba kwenye ardhi yetu!"

"Awe, tata, hapana, naimba tu kama wote," alisema Bana Mulenga.

"Rudi kwenu na wimbo wako!"

Balthazar aliipiga meza teke. Mguu wa meza ulivunjika, kapenta wakamwagika kwenye matope. Bana Mulenga alipiga magoti, akaanza kuwakusanya kwa viganja.

Akinyamaza, dada yake atapona. Akisema, dada yake atatengwa. Ferista alitazama viganja vile vilivyojaa matope.

"Si yeye!" alipiga kelele. "Wimbo ni wa dada yangu Ikupa, msusi wa Sogea! Habari za Zambia nilidanganya mimi!"

Alitimua mbio hadi saluni, akamweleza Ikupa yote akilia. Alingojea kofi. Ikupa aliweka kitana chini, akamshika mkono, wakatoka. Mteja wake, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama nyasi, akawafuata ili asikose uhondo.

"Mzee Balthazar, shikamoo," Ikupa alisema pale sokoni. "Wimbo ni wangu. Maneno ni yangu, na koo ni langu. Mama huyu mwache."

"Ahaa, ni wewe! Haya, sema mbele ya watu, umemwimba nani?"

"Ningekuwa nimemwimba mtu mmoja, baba, angekasirika mtu mmoja."

Soko zima lilicheka. Hata wale wanaume watatu walishindwa kujizuia.

Jumapili, baada ya ibada, wazee walimwita Ikupa mbele. Mzee Ezron alimtaka auimbe wimbo wote, wausikie vizuri kabla ya kuamua. Ikupa alianza kwa sauti ya kutetemeka. Kufika mstari wa pili, benchi la akina mama likamsaidia. Kufika kiitikio, kanisa lote upande wa wanawake lilikuwa limesimama. Mbele kabisa alisimama Bibi Tabita, mama mzazi wa Mzee Ezron, amejiegemeza kwenye fimbo.

"Ezron mwanangu," alisema wimbo ulipokwisha, "mimi nilichuma kahawa wewe ukiwa mgongoni. Baba yako alikuwa wapi?"

Mzee Ezron alivua miwani, akaifuta muda mrefu. "Kilabuni, mama."

"Basi ukimtenga binti huyu, nitenge na mimi."

Wazee walitazamana. Ikupa hakutengwa.

"Wimbo ni mkali," Mzee Ezron alisema, "lakini haukusema uongo. Aliyesema uongo ni mdogo wake, na mimi niliupokea bila kuuliza mara mbili. Ferista, twende wote kwa yule mama."

Jumatatu jioni walimkuta Bana Mulenga akichambua kapenta waliookolewa. Mzee Ezron aliomba radhi kwanza, na Ferista akafuata. Mzee Balthazar naye alikuwa pale, amechuchumaa na nyundo, anapigilia mguu wa meza bila kumtazama mtu.

Bana Mulenga alimsogezea Ferista ungo. "Kaa, mwana, tuchambue."

Walichambua, wakitoa vichwa, hadi vidole vikanuka samaki.

"Mama, kwa nini hukuendelea kujitetea siku ile?" Ferista aliuliza.

"Ningesema, nani angeniamini? Walikuwa wameshaambiwa." Bana Mulenga alipuliza vumbi kwenye ungo. "Dada yako ameimba neno kali, limewauma wenye kidonda, nao sasa wanakitibu. Wewe ulisema neno laini, likanipiga mimi nisiye na habari. Ukweli mchungu, mwanangu, humpata mwenyewe. Uongo hauna anwani, hugonga mlango wowote."

Ferista aliinamisha kichwa. "Sitarudia, mama."

"Najua. Mwongo hasimami katikati ya soko kujitaja." Mama yule alicheka, akasukuma ungo mwingine mbele yake. "Haya, huu nao. Msamaha wangu una vichwa vingi vya kapenta."