Weusi wa Upande wa Kulia

Ukungu ulitanda kwenye kioo cha kompyuta, lakini kwa ndani. Gladys aliufuta kwa kanga, haukufutika. Ulikuwa upande wa kulia tu, kwenye weusi ambao maandishi hayakuufikia.

Kompyuta hiyo, iliyoendeshwa kwa programu ya Linux, kaka yake Filbert aliinunua ikiwa mtumba katika soko la Kiboriloni kwa ajili ya duka lao la kuchapa, hapa Kilema. Kioo chake kilikuwa kipana, ila kila ikiwashwa maandishi yalijibana katikati, na weusi ukabaki pande zote mbili kama mapazia.

"Kaka, kuna kitu kinapumua humu."

"Wewe nawe! Ni unyevu wa mvua," Filbert alicheka. "Subiri niandike upana 1366, kimo 768. Hakutabaki weusi wa kupumulia."

Filbert alipenda kupanua vitu. Juzi tu, ili duka liongezeke, aling'oa isale, mmea wa majani marefu, lililoota mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, nje ya ukuta wa kulia. Kwa Wachagga isale ni mpaka, halirukwi wala haling'olewi ovyo. Yeye hakuomba, hakumwaga hata tone la mbege, pombe ya ndizi. Jembe tu.

Aliandika namba, akaizima kompyuta, akaiwasha. Maandishi meupe yakajaa kioo kizima.

"Umeona?"

Kisha ikaja harufu ya mbege iliyochacha. Kule kulia herufi zikaanza kupishana, kama majani ya migomba mtu anapopita katikati yake, na kucha zikakwaruza kioo, taratibu, zikishuka.

"Dada," alisema Esther, mdogo wao, aliyekuwa akicheza chini ya meza, "huyu mtu mbona ana mikono mirefu?"

Gladys alitoka mbio kumwita Bibi. Bibi alifika mlangoni, akanusa, akashika ukuta.

"Isale la babu yenu liko wapi?"

"Nililing'oa, bibi," Filbert alinong'ona. "Liko hapo nje."

"Ndilo lililomzuia huyo! Mrudishie mpaka wake, upesi!"

Bibi akazunguka nje ya ukuta wa kulia, akaliokota isale, akachimba matopeni kwa mikono mitupu kulipanda tena, na ndani Filbert akifuta namba mpya na kurudisha za zamani, akikosea, akirudia, na kucha zikikwaruza, na harufu ikizidi, na Gladys akisali Salamu Maria bila kufika mwisho, mpaka kompyuta ikazimika, ikawaka, na weusi ukarudi pande zote mbili.

Kucha zikaacha. Harufu ikaisha.

"Esther, toka sasa," Gladys aliita, akainama.

Chini ya meza palikuwa na kandambili moja tu.

Aliinua macho. Kwenye weusi wa kulia ukungu ulitanda tena kwa ndani, mahali pawili: mmoja juu, na mwingine chini, mdogo. Katika ule wa chini, kidole kisichoonekana kikachora duara, kama Esther alivyozoea kuchora kwenye vumbi.

"Panua," Gladys alisema.

"Nikipanua, yule mtu atatoka naye."

"Panua, kaka."

Filbert aligeukia dirisha la ukuta wa kulia. Bibi alikuwa amesimama kwenye mvua, akiwatazama, matope hadi viwikoni. Alikuwa amesikia yote. Aliinama tena pale mpakani, na wakasikia mizizi ya isale ikikatika.